Asali ya Gervas

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya asali mjini Tabora, niliambiwa nifumbe macho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, nimevaa shati la kuazima, na mfukoni nilikuwa na barua ya Mchungaji inayosema kwamba mimi, Eliya Maganga, ni mtoto wa familia ya Kikristo, mwaminifu, na situmii pombe. Mkuu wa Mapokezi ya asali hakuisoma barua ile. Aliikunja, akaiweka chini ya kikombe chake cha kahawa, kisha akachovya kijiti kwenye ndoo na kunitia ulimini.

"Umeonja nini?" akauliza.

"Asali, mzee."

"Kila mtu anajua kuwa ni asali. Nakuuliza umeonja nini."

Nikalamba midomo tena. Akaniambia kwamba nilichoonja ni moshi. Aliyeirina aliwafukiza nyuki kupita kiasi, moshi ukaingia kwenye masega. Akachovya kwenye ndoo ya pili. Hiyo nilisikia ukali kidogo pembeni mwa ulimi, naye akasema imerinwa mbichi, kabla nyuki hawajayaziba masega, ina maji mengi, na haitamaliza miezi miwili kabla ya kuchacha kama togwa. Jioni ulimi wangu ulikuwa mzito kwa utamu, na nilikuwa nimeshaelewa kwamba kazi niliyoiomba sikuijua.

Mkuu wa Mapokezi alikuwa Mwislamu wa mjini Tabora, wa ukoo uliokaa hapa tangu enzi za misafara, na alizungumzia nta na asali kama mtu anayezungumzia mali ya nyumbani kwao. Alinifundisha kwa miaka minne. Kwa ninyi vijana mnaoijua asali ya chupa tu, nieleze kidogo. Wakati wetu mizinga mingi ilikuwa ya gome. Mtu aliuchuna mti wa myombo, akalitoa gome zima kama bomba, akaziba ncha zote mbili na kuutundika mzinga juu mtini, akawaachia nyuki. Mzinga wa gogo ulidumu zaidi, ila kuuchonga ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mvua zikiisha, warina asali waliingia porini kwa makundi, wakapiga kambi wiki tatu au nne, wakarudi na ndoo kwenye baiskeli. Sisi wa mapokezi tulionja, tukanusa, tukapima maji, tukachuja, tukatenga nta. Kipima maji ni chombo kama darubini ndogo. Unaweka tone moja kwenye kioo chake, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma mstari. Wako watu mpaka leo wanaochovya njiti ya kiberiti kwenye asali na kuiwasha, au wanaoitazama kama sisimizi wataikimbilia. Mkuu wa Mapokezi aliwacheka. "Sisimizi naye ana njaa yake," alisema.

Alikuwa na sheria moja isiyopindishwa: ndoo isiyo na jina la mwenyewe haivuki mlango.

Baadaye nikahamishiwa Kigwa kuwa Mkuu wa Kituo. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko kituo chenyewe, maana kituo kilikuwa chumba kimoja, mzani mmoja na mimi. Kilijengwa karibu na reli ili mapipa yasafirishwe kwa treni. Huko ndiko nilikomkuta Gervas.

Gervas alinizidi umri kwa miaka kama minane. Alikuwa Mkatoliki, baba wa mapacha, Kulwa na Doto, na hakuna mtu Kigwa aliyeirina asali kama yake. Alichelewa kwenda porini wenzake wakiwa wameshatoka, kwa sababu alisubiri masega yazibwe yote. Alitumia moshi kidogo, akaumwa na nyuki zaidi ya wengine, na asali yake nilipoipima sikuwahi kuirudisha hata mara moja. Warina asali walimchagua kuwa mwenyekiti wa kikundi chao. Nilimwita kaka, naye aliniita mdogo wangu.

Msimu mmoja nilifuatana nao kambini nikaugua malaria. Nilikuwa siwezi kusimama. Gervas alinipakia kwenye baiskeli yake, akanifunga kwa shuka ili nisianguke, akaisukuma tangu asubuhi hadi alasiri mpaka stesheni. Njia nzima alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwao na kuniamuru nimwitikie, kwa sababu aliogopa nikinyamaza nitakuwa nimekufa. Nalitaja hili mapema ili mjue mtu ninayemzungumzia alikuwa nani kwangu.

Kutoka Kigwa nilipelekwa Igunga, kwenye barabara ya Dodoma na Mwanza, kuuza asali kwa abiria wa mabasi na madereva wa malori. Mkubwa wangu huko alikuwa Meneja wa Mauzo, mtu mchangamfu, mwenye viatu vilivyong'aa hata siku za vumbi.

"Maganga," aliniambia wiki ya kwanza, "sahau mambo ya kuonja. Abiria ana dakika tano. Hanunui asali huyu, ananunua rangi na maneno."

Alinifundisha kuzipanga chupa upande wa jua ili zing'ae. Hilo halikuwa kosa. Ila siku moja nilikuwa nikipanga chupa huku nikiimba wimbo wa kanisani, kwa mazoea tu, na mama mmoja akaniita kutoka dirishani mwa basi. Akanunua chupa tatu bila kuuliza bei. "Mtu anayemwimbia Bwana hawezi kunidanganya," akasema.

Basi lililofuata niliimba kwa sauti kubwa zaidi.

Nimefikiri sana kuhusu siku hiyo. Wimbo ulikuwa uleule, na mdomo ulikuwa uleule, lakini nilipouimba mara ya pili sikuwa namwimbia Mungu. Niliyaimbia madirisha.

Kampuni ilipofungwa nikarudi Tabora nikaanza biashara yangu mwenyewe. Nilikuwa na mke, watoto watatu, ujuzi wa ulimi na jina zuri kwa warina asali. Nilianza na ndoo nne za Gervas, alizonikopesha bila maandishi. Nikanunua chupa, nikachapisha karatasi za kubandika, na chini ya picha ya nyuki nikaweka mstari wa Maandiko unaotaja asali. Mchungaji wetu aliupenda ubunifu ule. Watu walinunua. Makanisa yaliniagiza kwa ajili ya semina na harusi. Ndani ya miaka michache nilikuwa na ghala, wafanyakazi sita na nyumba ya bati jipya, na kila Jumapili nilikuwa na jambo la kushukuru mbele ya madhabahu.

Ukafika mwaka ambao mvua zilivurugika. Miti ilichelewa kuchanua, maua yakapukutika kabla ya wakati, nyuki wakahama. Nami nilikuwa nimeshapata mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam, nimeahidi mapipa mengi, nimechukua malipo ya awali na kununulia lori. Nilizunguka Kigwa, Sikonge na vijiji vya ndani, nikapata robo tu ya nilichoahidi. Gervas mwenyewe aliniletea mapipa mawili, akaniomba radhi kwa uchache.

Nilifunga siku tatu. Msidhani natia chumvi. Nilifunga kweli, nikaomba Mungu anifungulie njia. Siku ya nne nikasikia kwamba kuna lori la sukari limeharibika mjini, na mwenye mzigo anauza kwa bei ya chini kwa sababu hana pa kuhifadhi. Nilisimama uani kwangu, mikono juu, nikasema, "Bwana, asante."

Ndivyo nilivyomhusisha Mungu. Kama ningeiba kama wezi wengine wanavyoiba, nikijua naiba, leo ningekuwa na aibu moja. Ninazo mbili.

Nilichemsha sharubati ya sukari mwenyewe, milango imefungwa, wafanyakazi nimewapa likizo. Ndoo moja ya sharubati kwa ndoo tatu za asali, kwenye moto mdogo, nikikoroga taratibu. Asali yetu ya miombo ni nyeusi na ina harufu nzito, kwa hiyo inaficha mengi. Kila pipa lilitakiwa kuwa na namba ya aliyeirina. Nikayaandika yote namba ya Gervas, kwa sababu mnunuzi aliijua namba hiyo kutoka miaka ya nyuma na aliiamini.

Shehena mbili zikapokelewa bila neno. Wakati huo ilikuwa Sikukuu ya Idi, nikamchukulia Mkuu wa Mapokezi chupa moja kama zawadi. Alikuwa amestaafu, anakaa barazani kwake akisoma gazeti kwa miwani iliyofungwa uzi. Alifungua chupa, akachovya kidole, akaonja. Kisha akafuta kidole chake kwenye kitambaa na kuifunga chupa.

"Ile aya uliyoibandika hapa," akasema, "iondoe."

"Kwa nini, mzee?"

"Mengine ni yako na Mola wako. Lakini aya iondoe."

Mnajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nilitembea kurudi nyumbani nikisema moyoni kwamba mzee yule ana wivu wa dini, hapendi kuona neno la Kikristo likiwa madukani. Nilimsimulia Mchungaji hivyohivyo, naye akaniombea nisikatishwe tamaa. Mkuu wa Mapokezi alifariki mwaka uliofuata bila mimi kurudi barazani kwake.

Shehena ya tatu ilirudishwa. Ilifuatana na Mkaguzi wa Ubora wa yule mnunuzi, kijana mpole mwenye mkoba wa karatasi za maabara. Alisimama ghalani kwangu akiyatazama mapipa.

"Yana sukari," akasema. "Namba hii ni ya nani?"

"Ya Gervas wa Kigwa," nikajibu.

Angalieni jibu hilo. Namba ilikuwa ya Gervas wa Kigwa. Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba siku ile sikutamka uongo hata neno moja.

Mkutano uliitishwa Kigwa, kwenye darasa la shule ya msingi. Warina asali walijaa mpaka madirishani, maana mnunuzi alikuwa ametishia kuacha asali ya Kigwa yote. Mkaguzi alieleza vipimo. Gervas aliitwa mbele. Aliomba aonjeshwe. Akaonja, akatikisa kichwa.

"Hii haikutoka kwenye mizinga yangu," akasema.

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mwizi gani alishawahi kukubali?" Gervas hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, nimekaa kiti cha mbele karibu na Mkaguzi.

"Mdogo wangu," akasema. "Wewe unaijua asali yangu kuliko mtu yeyote hapa. Sema."

Nikasimama. Hata sasa ninapoandika najua kwamba sekunde ile mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema. Badala yake nikasikia sauti yangu, ile ya Jumapili, ikitoka.

"Ndugu zangu, sisi sote ni dhaifu. Shida ya mwaka huu imetujaribu wengi. Mimi kwa upande wangu, kama Mkristo, nimemsamehe."

Walipiga makofi. Mkaguzi naye alipiga makofi. Gervas alibaki amesimama, mikono imening'inia, na mkewe, Mama Kulwa, aliyekuwa dirishani, akafunika uso kwa kanga.

Wakamvua uenyekiti siku hiyohiyo na kumtoa kwenye kikundi. Hakuna mnunuzi mwingine aliyethubutu kuchukua asali yake. Msimu uliofuata hakutundika mizinga. Nikasikia amekwenda Choma, kule Igunga, kuchunga ng'ombe wa watu kwa mshahara, mtu mzima mwenye mvi. Mimi nilirudi Tabora, na Jumapili Mchungaji akahubiri kuhusu mfanyabiashara aliyesamehe hasara yake. Hakunitaja jina. Hakukuwa na haja. Watu waligeuka kunitazama, nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Sikuchanganya tena sukari. Msinipe sifa kwa hilo, niliacha kwa sababu niliogopa kupimwa.

Na hapa ndipo palipo na jambo ambalo vijana huwa hawalitarajii. Mungu hakunipiga. Mwaka uliofuata mvua zilinyesha vizuri, maua yakashika, mnunuzi akarudi. Lori likawa malori matatu. Nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, nikatoa bati za kuezekea jengo la shule ya Jumapili. Nikaalikwa kwenye semina za vijana kufundisha namna Mkristo anavyoweza kufanikiwa katika biashara, na nikafundisha kwa miaka mingi, nikiwa nimevaa suti, nikiwaambia kwamba Mungu habariki mikono michafu. Nilipofika kwenye sentensi hiyo, niliitazama mikono yangu na magari yangu, nikahitimisha kwamba kama Mungu angekuwa na neno nami angeshanizuia. Nilizisoma mali zangu kama barua yake ya kunisifu. Kila faida ilikuwa sahihi yake chini ya barua.

Nilipofikisha miaka sitini na tano nilimkabidhi biashara binti yangu Rehema. Yeye ni fundi kuliko mimi. Ana ulimi wa Mkuu wa Mapokezi ambaye hakumjua. Nikawa mstaafu anayeamka asubuhi na kukaa uani akisikiliza wengine wakifanya kazi.

Siku moja Rehema alikuwa akiwafundisha wapokeaji wapya, vijana watano, ghalani. Dirisha lilikuwa wazi. Alimimina asali kutoka kwenye kijiko na kuwaonyesha.

"Mkiona inakatika hivi, haivuti uzi, na ladha inaisha haraka mdomoni, hiyo ni Gervas. Msiipokee."

"Dada, Gervas ni nani?" msichana mmoja akauliza.

"Si mtu," Rehema akajibu. "Ni jina tu la asali ya sukari. Nadhani ni neno la Kigwa. Wanunuzi wote wa huku wanalitumia."

Nilijua kwamba nilimharibia mtu maisha. Hilo nilikuwa nimelizika na kupanda maua juu yake. Lakini sikujua kwamba jina lake lilikuwa linatembea bila yeye, vijiji vyote, midomoni mwa watu ambao hawakumjua, likiwa na maana ya dhambi yangu. Na sasa lilitoka mdomoni mwa mwanangu.

Jioni ile kabla ya chakula nilimwambia Rehema yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa akiutazama mkeka.

"Yu hai?" akauliza.

"Nasikia amerudi Kigwa."

"Basi unangoja nini, baba?"

Nilikwenda kwanza kwa Mchungaji, huyu wa sasa, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Nadhani nilitafuta mlango wa nyuma, na karibu nipewe. Alinishika mkono, akaniambia kwamba Mungu amekwisha kunisamehe, kwamba mambo yale ni ya zamani, na kwamba nikiyasema sasa nitawakwaza vijana walioanza biashara kwa mafundisho yangu. Alisema kwa upendo. Nilitoka pale nimepata nafuu kubwa, na nilipofika nyumbani Rehema alikuwa amekaa ndani ya gari, injini inawaka.

Kigwa tulimkuta Gervas amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akimenya karanga. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Mama Kulwa alituona, akaingia ndani bila salamu.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba. Kaa chini."

Nikakaa kwenye gogo.

"Ile asali," nikaanza.

"Ilikuwa ya sukari yako," akasema. "Nilijua tangu nilipoionja. Chini ya sukari kulikuwa na asali yangu. Mtu anaijua sauti ya mwanawe hata kwenye kelele."

"Kwa nini hukusema kwamba ni mimi?"

"Nilikwambia useme wewe." Akaendelea kumenya. "Choma nilichunga miaka kumi na mmoja. Watu wa kule waliniita mchungaji. Nilikuwa nikicheka peke yangu porini. Nasema, mdogo wangu ana mchungaji wake mjini, na mimi nimekuwa mchungaji."

Nikapiga magoti. Ni jambo gumu kwa mtu wa umri wangu, na Rehema alitaka kunisaidia, nikamzuia. "Nisamehe, kaka Gervas."

Aliweka karanga chini. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Hapa? Ulinisamehe mbele ya watu. Ulisimama ukanisamehe kwa sauti, wakakupigia makofi. Leo unataka mimi nikusamehe kwa kunong'ona, karibu na jiko la mke wangu?"

Akaokota karanga zake.

"Nenda ukaseme kule ulikosemea," akasema. "Halafu tuone."

Wiki mbili baadaye kikundi cha warina asali wa Kigwa kiliitisha mkutano kwa ombi la Rehema. Darasa ni jipya, shule imejengwa upya, na wengi waliokuwapo mara ya kwanza wamekufa. Nilisimama nikasema. Nilieleza sukari, moto, ndoo moja kwa tatu, namba niliyoiandika kwa mkono wangu, na jibu nililompa Mkaguzi. Nikasema kwamba mtu niliyemsamehe hakuwa na kosa, na kwamba mwenye kosa ni mimi. Nilipokuwa nikiongea mzee mmoja mstari wa pili alivua kofia akaipakata, akaitazama hiyo kofia mpaka mwisho. Nilimkumbuka. Ni yeye aliyeuliza mwizi gani alishawahi kukubali.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Kulwa ndiye aliyesimama.

"Mwaka ule Doto wangu alikuwa amefaulu kwenda sekondari," akasema. "Hakwenda. Sasa ni mtu mzima, anabeba mizigo stesheni. Hilo unalisemaje?"

"Sina la kusema, mama."

"Angalau leo huna," akasema, akakaa.

Watu wakamgeukia Gervas. Alisimama kwa fimbo yake. Nilidhani atasema neno nililolitamani, na nakiri kwamba hata pale, katikati ya aibu yote, sehemu moja yangu ilikuwa inangoja kusamehewa hadharani ili habari iishe vizuri.

"Nimesikia," akasema. Akatoka nje.

Mpaka leo ninapoandika hajaongeza neno. Kikundi kilimrudishia uanachama, na Rehema akauza lori moja akawapelekea thamani yake. Mama Kulwa ndiye aliyepokea. Gervas aliinuka akaenda kutazama mizinga ya jirani. Watoto wa Doto wanasoma. Sidai kwamba hilo linalipa kitu.

Kanisani kwetu nilisimama pia, mbele ya vijana niliowafundisha, nikajiuzulu uzee wa kanisa. Mchungaji hakufurahi, lakini hakunizuia. Baadhi ya wanawake walilia. Wateja wa zamani wachache wameacha kununua kwetu, na Rehema hajanilaumu, ingawa nimemwona akihesabu chupa zilizorudi. Mstari wa Maandiko ameutoa kwenye karatasi zake. Hakuniuliza.

Siku ile kanisani kijana mmoja aliinua mkono, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mtu makini. "Mzee," akasema, "kwa hiyo Mkristo hawezi kuwa tajiri?"

Nilimjibu kwamba nawajua Wakristo matajiri walio safi, na mmoja nimemzaa. Swali lake ni zuri, ila asiniulize mimi. Kwa miaka mingi nililijibu swali hilo kwa kuonyesha ghala langu, na ghala halina mdomo; lilikubali kila nilichosema. Kama angekuwapo mtu mmoja wa kuniuliza Gervas yuko wapi, semina zangu zote zingeishia hapo. Nikamwambia kijana yule kwamba akitaka kujua hali yake mbele za Mungu asianze na faida, aanze na watu ambao jina lake likitajwa wanafunika uso. Sijui kama lilimsaidia. Aliandika kitu kwenye daftari.

Sasa nina miaka sabini na mmoja. Ninakaa kiti cha nyuma kanisani, na nimegundua kwamba huko nyuma sauti za watu wakiimba zinasikika vizuri zaidi. Asubuhi nikiwa na nguvu natembea hadi sokoni. Wiki iliyopita nilimsikia mama mmoja kijana akimkemea muuzaji wa asali, "Usinipe Gervas hapa." Nikamsogelea, nikamsalimu, nikamwambia kwamba Gervas ni mtu, yu hai, anakaa Kigwa, na asali yake haikuwahi kuwa na sukari hata tone. Aliyetia sukari ni mimi, naitwa Maganga.

Alinitazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Haya, babu, pole," akasema. Kisha akamgeukia muuzaji. "Nipe ile chupa nyingine. Hii ni Gervas."